Fundi wa Stafford na Koti la Baba

Siku hizi nikiona bwana harusi amevaa koti la vifungo safu mbili, kola pana mpaka karibu na bega, suruali imepanda juu ya kitovu, nainuka nilipokaa. Huwa natoka nje kupata hewa. Wenzangu wa kanisani hapa Pearland, Texas, nje kidogo ya Houston, wanadhani ni presha, wananiletea maji na kunipepea kwa karatasi ya ratiba. Sijawahi kuwaambia kwamba ni Fundi.

Tulimwita Fundi, basi. Jina lake lilikuwa kwenye leseni iliyotundikwa ukutani dukani kwake, na nadhani hata mkewe hakulitumia. Kwao ni wapi na alizaliwa na nani, hakuwahi kusema. Ukimuuliza wakati anakupima, pini ilikuwa inakugusa kiunoni kwa bahati mbaya, naye anaomba radhi. Kwa hiyo nitasema nilichokiona kwa miaka kumi na minne, na nitakisema kwa hasira, kwa sababu nilimwahidi baba yangu kitu kimoja tu kabla hajafa, na ahadi hiyo ilipitia mikononi mwa Fundi.

Nianze na hiyo mikono. Mimi ni nesi, natazama mikono ya mtu kabla sijatazama uso. Yake ilikuwa safi kupita ya madaktari ninaofanya nao kazi. Alikuwa mlaji mkubwa wa omena, dagaa wa ziwani, alizikaanga huko nyuma ya duka mpaka jirani mwenye duka la nywele za bandia akalalamika, lakini akimaliza kula alinawa mpaka kwenye viwiko na kujikausha kwa taulo nyeupe ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Ukucha wa kidole kidogo cha kulia aliufuga mrefu, wa kupigia mistari kwenye kitambaa. Ule ukucha ulinitia kinyaa tangu siku ya kwanza. Nilijikaza kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri.

Alikuwa na tabia ya kuonja uzi. Kabla hajautunga kwenye sindano aliupitisha ulimini mwote, taratibu, macho ameyafumba, halafu anasema huu ni pamba, huu ni plastiki. Kitambaa alikipima kwa kiberiti. Alichomoa uzi mmoja, akauwasha, akakuambia unuse. Ukinuka nywele zilizoungua ni sufu ya kweli, na Fundi anatabasamu. Ukinuka ndoo iliyoungua, anakurudishia koti lako kwa ncha za vidole viwili. Na alifundisha watu kusikiliza mkasi. Alisema mkasi unaokata vizuri hausemi sana, na kwamba yeye hata akiwa amegeuka angejua kwa sauti tu nani anaharibu kitambaa.

Kilichomkasirisha kuliko vyote ni gundi. Kwa wasiojua, kifuani mwa koti, kati ya kitambaa cha nje na bitana, kuna kitambaa kigumu kinacholifanya koti lisimame. Zamani kilishikizwa kwa mkono, mishono mamia. Siku hizi kinabandikwa kwa gundi na pasi ya moto, na baada ya muda kinavimba mapovu. Siku moja alikuja mhasibu mmoja, Mkenya mwenzetu, na suti aliyonunua kwenye duka la maana, anataka ipunguzwe mikono. Fundi aliishika kola kwa kucha zake, akavuta, na tukasikia ikibanduka.

"Umesikia hiyo?" alimwuliza. "Hiyo ndio suti yako. Ni envelope."

Yule mhasibu alibaki ameshika mkoba wake, uso umemshuka. Fundi hakumwonea huruma. Akamwonyesha matundu ya vifungo kwenye mikono ya koti, ambayo yalikuwa yameshonwa tu juu juu, hayafunguki.

"Tundu lisilopitisha kifungo ni uongo," alisema. "Mtu akikudanganya hapa kwa mkono, ujue kwa moyo ameshakumaliza."

Nilimpenda kwa maneno kama hayo. Nasema wazi kwamba nilimpenda. Katika mji ambao kila kitu ni cha kuonekana, nyumba za matofali ya kubandika na maua ya plastiki kanisani, nilifurahi kujua kwamba Stafford kuna mzee mmoja anayechukia feki. Yeye mwenyewe alivaa suruali ya michezo na ndala mwaka mzima. Nilipomuuliza kwa nini havai suti zake, alisema mpishi halazimiki kushiba.

Kisha vijana wakagundua mambo ya kale. Sijui ilianzia wapi, labda kwenye simu zao, lakini ghafla kila bwana harusi kuanzia hapa mpaka Dallas alitaka afanane na picha ya babu yake. Walijaa dukani kwa Fundi na kamati zao za harusi, wasimamizi sita kwa mpigo, kila mmoja na picha.

"Fundi, nataka ile old-school," kijana mmoja alimwambia nikiwepo. "Lapel ikuwe wide, suruali iwe na pleats, chini ikunjwe. Na kizibao. Iki-pop kwa picha."

"Na hiyo saa ya cheni inafanya kazi?" Fundi alimwuliza, akigusa cheni iliyoning'inia mfukoni mwa kijana.

"Hapana, ni ya show tu."

Fundi alinigeukia. "Umeona hawa, Mama Shiku? Wanataka uzee wa babu zao, lakini magoti ya babu hawayataki."

Tulicheka sana siku hiyo. Mimi nilicheka zaidi, kwa sababu nilikuwa na sababu yangu. Baba yangu aliishi nasi miaka yake saba ya mwisho. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mkimya, na suti yake ya Jumapili ilikuwa moja, ya kahawia, vifungo safu mbili, kola pana, suruali ya mikunjo. Ndiyo aliyooa nayo. Alishonewa Nakuru na fundi ambaye baba alimtaja kwa heshima ya askofu. Alipofika Texas mara ya kwanza watu wa kanisa letu waliinua nyusi, na vijana walimwita Guka wa sinema, babu wa kwenye filamu. Miaka michache baadaye vijana wale wale walimzunguka baada ya ibada, wakimgusa kola bila kuomba ruhusa.

"Guka, hii ni vintage kabisa. Unauza?"

"Hii nitazikwa nayo," alijibu baba, na akaondoa mikono yao kifuani kwake mmoja mmoja.

Alimaanisha. Mama alikuwa ametangulia zamani, na ndani ya koti lile, chini ya mfuko wa kushoto, kulikuwa na kazi ya mkono wake. Kalamu ya baba ilikuwa imetoboa bitana na kuvuja wino. Mama alilishona tundu lile kwa uzi wa bluu, kwa sababu siku hiyo alikuwa anashona sare yangu ya shule na uzi wa kahawia haukuwepo. Mama alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mishono yake ililala kinyume na ya watu wote. Baba alipoanza kuugua alinionyesha pale mahali, akaupapasa ule uzi kwa kidole gumba. Alisema, "Nivisheni hii. Na mtu asiutoe uzi wa mama yako." Nikamwambia sawa, baba. Hiyo ndiyo ahadi yenyewe.

Sasa kuna jambo la Fundi ambalo watu wa Houston wote wanalijua na bado wanalisifu. Suti za marehemu hakutoza. Mtu wetu akifa hapa, mwili unasafirishwa nyumbani, na kabla ya hapo kuna mkutano wa kamati sebuleni kwa mtu, chai, maandazi, orodha. Nani anashughulikia tiketi, nani karatasi, nani mavazi. Kwenye mavazi hapakuwa na mjadala. Nguo ilipelekwa Stafford, Fundi akaipunguza ilingane na mwili uliokonda, akaipiga pasi, akairudisha ndani ya mfuko wa zipu. Hakutaka shukrani. Ukijaribu kumshukuru alikuambia uende ukalie nyumbani kwako.

Baba alipokufa nilimpelekea koti mwenyewe. Nilimwonyesha uzi wa bluu. Nilimweleza habari yote, sare ya shule, mkono wa kushoto, ahadi. Alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, maana macho yalishaanza kumwacha, akautazama kwa muda mrefu. Akasema, "Huyu mama alijua kuvuta uzi." Nililia pale dukani, na yeye akanipa ile taulo nyeupe.

Siku ya tano aliniletea suti mwenyewe mpaka nyumba ya maiti. Nilifungua zipu, nikafunua bitana. Uzi wa bluu ulikuwepo, umelala kinyume, mahali pake. Doa la wino tu ndilo halikuwepo. Niliinama nikaubusu ule uzi kabla hawajamvisha. Baadaye nikamwandikia Fundi ujumbe, asante, hata wino umeutoa. Alinijibu kwa ile picha ya kidole gumba.

Tukamzika baba nyumbani, nikarudi kazini, na ikapita miaka miwili na kitu.

Mwaka huu tulialikwa harusi DeSoto, karibu na Dallas, mtoto wa rafiki yangu wa zamani. Tuliendesha gari kwa saa nne na zaidi, tukafika tumechoka na njaa. Bwana harusi alipoingia ukumbini watu walipiga vigelegele, na mimi nikasimama na wengine. Kijana mrefu, ndani ya koti la kahawia la safu mbili, kola pana. Nilifikiri, hata huyu. Nilifikiri pia kwamba baba angelijaza vizuri zaidi mabegani. Nilikaa nikala.

Muziki ulipokolea kijana alivua koti akaliacha kwenye kiti cha meza iliyo karibu na yetu. Likaanguka. Mimi ni mtu wa kuokota vitu. Niliinuka, nikaliokota, nikalikung'uta, na bitana ikafunuka. Chini ya mfuko wa kushoto kulikuwa na doa la wino, na katikati ya doa uzi wa bluu, umelala kinyume.

Nilipeleka pua kwenye kola. Sijui nilitafuta nini, labda baba. Lilinuka manukato ya vijana, ya aina nyingi, moja juu ya nyingine, na kwenye kola kulikuwa na poda ya uso ya mwanamke ambayo haikufutika. Mate yalinijaa mdomoni. Kijana alikuja anacheka, jasho linamtiririka.

"Aunty, umei-like? Ni ya Fundi wa Stafford. Ame-ni-lend tu kwa sababu ina-ni-fit. Ni original, si copy."

"Umeipata wewe peke yako?"

"Hapana, kuna ma-groom wengi washaivaa. Iko hadi kwa Instagram yake."

Nilimpa koti lake. Ndiyo, nililirudisha, nikalishika kwa mabega akaingiza mikono, nikamnyoosha kola, nikamwambia Mungu awabariki. Kisha nikaenda chooni nikatapika pilau yote. Nilipokuwa nimeinama pale nilielewa kwamba niliubusu uzi wa Fundi. Mate yake yalikuwa kwenye uzi ule. Aliuonja kwanza, kama alivyoonja nyuzi zote.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda Stafford. Duka lilikuwa wazi ila mashine zimefunikwa. Mkewe, mama mpole ambaye siku zote alikaa nyuma akihesabu vifungo, alinifungulia bila kuniangalia usoni, nikajua kwamba anajua. Fundi alikuwa kwenye kiti cha wateja, amevimba miguu, macho yamefunikwa na ukungu. Alinitambua kwa mlio wa viatu vyangu vya kazini.

"Mama Shiku. Karibu. Kaa."

"Koti la baba liko wapi, Fundi?"

"Limerudi jana," alisema. Alinyoosha mkono na likawa pale pale nyuma yake, kwenye hanga, limeshapigwa pasi.

"Baba yangu alizikwa na nini?"

"Na suti. Suti ya ukweli." Alingoja kidogo. "Nilifungua kifua ya hii ndio niipunguze, nikapata gundi. Ile ya kitambo, imekauka, inamwagika kama unga. Huyo fundi wa Nakuru alimdanganya mzee wako siku ya harusi yake. Sasa wewe unataka nimzike na uongo?"

"Nilitaka umzike na koti lake."

"Nilimshonea ingine. Kitambaa ile ile, nilikuwa nimeiweka miaka. Kila kitu kwa mkono, kifua yote, matundu yote yanafunguka. Siku tano. Macho yangu ndio iliishia hapo. Sijashona ingine nzima tangu hiyo." Sauti yake haikuwa na aibu hata kidogo. "Hakuna mtu amezikwa vizuri hivyo hii Texas yote."

"Na uzi wa mama?"

Alitabasamu. Hilo ndilo sitamsamehe, kwamba alitabasamu.

"Nilitafuta hiyo bluu wiki nzima ya kazi. Nikashona na mkono wa kushoto, ndio ilale vile yake ililala. Mara ya kwanza ilikataa, nikafumua. Mara ya tatu ikakubali."

"Niliubusu, Fundi."

"Niliskia watu wakisema," alijibu. "Nikasema basi, nilishona vizuri."

Nilikaa. Nilimuuliza kwa nini hakunirudishia koti basi, hata kwa siri. Alisema ningeuliza maswali. Alisema vijana walikuwa wanalililia, na kwamba wao wanataka sura tu, gundi inawatosha. Nilimuuliza ni marehemu wangapi wengine aliowabadilishia nguo. Hapo alionekana kuudhika, kana kwamba nimemvunjia heshima.

"Ni mzee wako peke yake," alisema. "Zile zingine hazikuwa na sura."

Nililitoa koti kwenye hanga. Nililipapasa kifuani, na alikuwa anasema kweli, kulikuwa na mapovu, chini ya kitambaa kitu kilivunjika kwa mlio mdogo mkavu. Baba alilitunza miaka yote hiyo na hakujua. Namshukuru Mungu kwamba hakujua. Lakini baba hakuniomba nimzike na mishono ya kifuani, na Fundi alikuwa ameelezwa, kwa mdomo wangu, kwa machozi, nini kilichokuwa cha kweli katika koti lile. Alisikia yote. Akachukua kile kimoja kisichokuwa na uongo, akakigushi vizuri, akanipa.

Mkasi wake mkubwa ulikuwa mezani. Niliuchukua.

"Huo ni wa kitambaa," alisema haraka. "Unataka kukata nini?"

"Cha mama."

Mkewe aliacha kuhesabu vifungo. Nililaza koti kwenye meza, nikafunua bitana, nikatia ncha ya mkasi karibu na doa la wino.

"Fuata mshono," Fundi alisema. "Tafadhali. Hiyo bitana ni ya zamani, ukiikata ovyo inachanika yote."

Sikufuata mshono. Nilikata ovyo, makusudi, kwa makali ya mkasi, nikipinda na kurudi, na mkasi ulipiga kelele duka zima. Yeye hakuweza kuona, ila alisikia kila pigo. Aliinua mikono yake safi akaziba masikio. Bitana ilichanika mpaka kwapani. Nilipomaliza nilimwekea koti mapajani, na akaanza kulipapasa kwa ule ukucha, akitafuta mahali pa kuanzia kulitengeneza.

"Lakini mzee alizikwa vizuri," alisema nikiwa mlangoni. Sijarudi tena Stafford.

Kipande kiko kwenye bahasha, pamoja na pasipoti yangu. Desemba nitakwenda nyumbani. Kaka yangu anasema kaburi limeshawekwa saruji na vigae, haliwezi kuguswa. Nimemwambia nitachimba kando nikizike humo, hata kwa kijiko, udongo ni ule ule. Wino upo na mishono imelala kinyume, kwa hiyo uzi ni wa mama, najua ni wa mama. Nimeutoa mara nyingi, nikauleta karibu na mdomo, na kila mara nimeurudisha kwenye bahasha bila kuubusu.